Joto la Kyela na Pipa la Mashine ya Mpunga

MTU aingiapo katika kibanda cha kukobolea mpunga ambako bado inatumika ile injini ya dizeli ya silinda moja, hukuta pipa la maji la lita 200 limesimama kando ya injini. Mabomba mawili huliunganisha pipa hilo na injini, moja juu na jingine chini. Maji yaliyopashwa moto hupanda kwa bomba la juu, hupoa pipani, kisha hurudi kwa bomba la chini kwenda kuifanya kazi ile ile upya. Hapana pampu, hapana mtaalamu kutoka ng'ambo, wala hapana kitabu cha maelekezo. Mwendesha mashine, ambaye pengine aliishia darasa la saba, anafahamu fika kwamba pipa likikauka injini itakwama, na kwamba pipa likiwa limejaa, mpunga wa kijiji utakobolewa tangu asubuhi hadi magharibi.

Mashine ya namna hiyo si ngeni katika nchi ya mpunga, na Kyela ni nchi ya mpunga. Lakini katika nchi hiyo hiyo si ajabu kusikia kwamba kompyuta ya shule, ya ofisi au ya chama cha ushirika "imekufa kwa joto". Hufunikwa kitambaa, ikawekwa stoo, ikasubiri fundi kutoka Mbeya, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Fundi asipofika, mwalimu hana la kufanya ila kuichora kompyuta ubaoni kwa chaki, na mwanafunzi huenda kwenye mtihani akiwa ameijua kwa picha tu.

Mambo hayo mawili hayapatani hata kidogo. Elimu ya kupoza mashine kwa maji imo mikononi mwa wananchi wa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa tangu zamani. Kinachokosekana ni kuitambua kuwa ni elimu, na kuihamisha kutoka kibanda cha mpunga hadi chumba cha kompyuta, kwa fedha kidogo na kwa uangalifu mkubwa. Fedha kidogo pasipo uangalifu haziwezi kuleta nafuu yoyote. Zitaleta hasara juu ya hasara.

JOTO LENYEWE

Kwanza hapana budi joto la Kyela lieleweke. Uso wa Ziwa Nyasa uko mita 475 hivi tu juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Tukuyu umepanda zaidi ya mita 1,500 na Mbeya karibu mita 1,700. Abiria aliyevaa sweta asubuhi kule Uyole hulivua kabla ya kufika tambarare. Milima ya Livingstone upande wa mashariki na ile ya Rungwe upande wa kaskazini huizunguka tambarare hiyo kama ukuta wa bakuli, na hewa inayotoka ziwani huwa nzito kwa unyevu. Wakati wa kiangazi kuna vumbi. Zaidi ya hayo wapo wadudu wadogo wa ziwani, kungu, ambao hupaa makundi kwa makundi mfano wa moshi na kupenya kila tundu.

Kompyuta nayo ina tabia moja ambayo watumiaji wengi hawaifikirii. Karibu umeme wote unaoingia ndani yake hutoka ukiwa joto. Sehemu kubwa ya joto hilo huzaliwa katika prosesa, yaani kile kipande kinachofanya hesabu, ambacho kiini chake hakizidi sana ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Prosesa nyingi za kompyuta za mezani hutoa wati 65 hivi zinapofanya kazi kwa nguvu, na baadhi ya zile za zamani, kama Pentium 4 za mwaka 2004, zilivuka wati 100. Joto la balbu nzima ya zamani limekusanywa penye nafasi ya ukucha!

Feni iliyomo ndani ya kompyuta hupuliza hewa ya chumba juu ya vipande vya bati vilivyopangwa kama mapezi. Lakini feni haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la hewa inayoipuliza. Chumba kikiwa na nyuzi 33, kazi yote huanzia hapo. Vumbi likiziba mapezi, joto la prosesa hupanda kuelekea nyuzi 90 na 100, na hapo prosesa hujilinda yenyewe kwa kupunguza mwendo, na mwisho kwa kujizima. Mtumiaji huona mashine inazubaa, husema imezeeka, na huomba mpya. Mara nyingi mashine hiyo haijazeeka, imekosa pumzi.

Isitoshe, kompyuta 20 zinazotoa wati 100 kila moja hutoa jumla ya wati 2,000. Hizo ni sawa na pasi mbili za umeme zilizowashwa na kuachwa mchana kutwa katika chumba kilichofungwa madirisha kwa kuogopa wezi. Katika chumba cha namna hiyo feni huizungusha hewa ile ile yenye moto. Kiyoyozi ni dawa, lakini kiyoyozi kimoja kidogo hutumia umeme wa wati 700 au zaidi, na ankara yake huja kila mwezi hata katika miezi ambayo shule haina fedha za chaki.

YASIYO NA GHARAMA

Kabla ya kutaja maji, haki itendeke kwa kutaja mambo ambayo hayahitaji maji wala fedha. Anayekimbilia mirija na pampu kabla ya kufuta vumbi ni sawa na mkulima anayetafuta mbolea ilhali shamba limejaa magugu.

Kompyuta isiwekwe sakafuni ambako vumbi hufagiliwa kuielekea, wala isisukumwe hadi ukutani mahali feni inapotolea hewa. Madirisha yawekwe wavu na yafunguliwe pande mbili, ili upepo wa ziwa uingie huku na kutokea kule. Mti wa kivuli upande wa magharibi wa jengo ni kiyoyozi kisicho na ankara. Mapezi yasafishwe kwa brashi laini, mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa kabisa, kwa kuwa vumbi lake ni kama blanketi. Ile girisi maalumu ya kupitishia joto, inayokaa kati ya prosesa na bati la mapezi, hukauka baada ya miaka na kuwa unga. Kuifuta na kupaka mpya, tone moja dogo, ni kazi ya robo saa inayoweza kushusha nyuzi nyingi.

Na kwa yule anayenunua mashine mpya leo, ushauri ni mfupi zaidi. Achague mashine inayotumia umeme kidogo. Zipo kompyuta ambazo prosesa zake hutumia wati 15 tu, nazo zinatosha kwa kuandika barua, kutunza hesabu za kakao na mpunga, na kufundishia. Joto lisilozalishwa halihitaji kupozwa.

Mengi yatatengemaa kwa hatua hizo. Lakini si yote. Zipo mashine za mezani za zamani zilizotolewa msaada, nazo ndizo shule nyingi zilizo nazo. Wapo vijana wanaochora ramani za majengo na kuhariri picha za video, ambao kazi yao huichemsha prosesa kwa saa nyingi mfululizo. Kipo pia kile chumba cha mashine 20. Hapo ndipo maji yanapostahili kuitwa.

HESABU YA NDOO

Kwa nini maji? Kwa sababu kwa ujazo ule ule maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 kuliko hewa. Hesabu yake mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuikamilisha. Lita moja ya maji huhitaji jouli 4,200 hivi ili ipande kwa nyuzi moja. Prosesa ya wati 100 hutoa jouli 100 kila sekunde. Basi ndoo ya kawaida ya lita 20, ikipokea joto lote la prosesa hiyo bila kupoteza lolote, itapanda kwa nyuzi 4 na kidogo kwa saa. Baada ya saa sita itakuwa imepanda nyuzi 26 hivi. Maji yaliyoanza na nyuzi 26 yatafika 52, na hayo si ya kupozea tena.

Weka pipa la lita 200 mahali pa ndoo. Sasa maji yale yatapanda kwa chini ya nusu ya nyuzi moja kwa saa, na kwa saa sita hayatafika nyuzi 3. Pipa hilo likihudumia kompyuta tano litapanda nyuzi 13 hivi kwa siku nzima ya masomo, tena kwa hesabu isiyotilia maanani joto linalotoroka kupitia kuta za pipa. Usiku, shule ikiwa imefungwa, pipa lililowekwa nje kivulini hupoa na kungojea asubuhi. Hivyo ndivyo hasa pipa la mashine ya mpunga linavyofanya kazi. Tofauti ni kwamba injini ya dizeli ina moto wa kutosha kuyasukuma maji yenyewe, ilhali joto la kompyuta ni dogo na mirija yake ni myembamba. Kwa hiyo inahitajika pampu ndogo ya wati 10 hivi.

Faida kubwa ya utaratibu huu ni kwamba joto hutolewa nje ya chumba. Mirija miwili hupita ukutani, pipa hubaki uani, na wanafunzi hawakai tena mbele ya pasi ya umeme. Hata wapikaji wa gongo hujua kwamba bomba likipitishwa ndani ya maji mvuke wake hupoa. Tendo lao ni haramu na halina utetezi, lakini elimu ya bomba lile haina hatia.

VIFAA NA MAHALI PA KUBANA FEDHA

Anayetaka kuunda mtambo wa namna hii anahitaji vitu vitano: kipande cha chuma chenye njia za maji kinachokaa juu ya prosesa, pampu, mipira ya kupitisha maji, mahali pa kupozea maji, na maji yenyewe. Busara yote ya mtu mwenye fedha kidogo iko katika kujua abane wapi na asibane wapi.

Abane kwenye mahali pa kupozea. Magari mengi yaliyotumika yanayotoka Japani huja na hita ya kumpasha dereva joto wakati wa baridi, na ndani ya hita hiyo mna rejeta ndogo, pana kama kitabu. Dereva wa Kyela hana haja nayo hata siku moja. Gari likishachakaa, rejeta hiyo huishia kwenye chuma chakavu ikiwa bado nzima. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijana wa Ulaya na Marekani wasiokuwa na fedha walizitumia rejeta hizo hizo kupozea kompyuta zao, pamoja na pampu za matangi ya samaki wa mapambo, kabla viwanda havijaanza kuuza mitambo iliyo tayari. Kwa mashine moja, rejeta hiyo na feni moja kubwa ya mwendo wa pole vinatosha. Kwa mashine nyingi, pipa la plastiki ni bora zaidi, kwa kuwa halishiki kutu.

Abane pia kwenye urembo. Mitambo inayouzwa madukani leo huwa na mirija inayong'aa na taa za rangi saba. Taa hazipozi kitu. Anayezilipia amelipia tamasha.

Lakini asibane hata senti kwenye mambo matatu. La kwanza ni kile kipande kinachogusa prosesa. Kiwe cha shaba nyekundu, ambayo hupitisha joto karibu mara mbili kuliko aluminiamu, na uso wake uwe bapa kama kioo. Fundi mwenye subira anaweza kukichonga kwa kuchimba njia ndani ya bamba nene, kufunika na kuchomelea kwa risasi, kisha kukisugua kwa msasa uliolazwa juu ya kipande cha kioo. Asiye na fundi wa aina hiyo anunue. Hapa ndipo fedha zake chache ziende.

La pili ni pampu. Ile pampu ndogo ya kurushia maji kwenye kioo cha gari ni ya bei nafuu na hupatikana kila gereji, lakini imeundwa kufanya kazi kwa sekunde chache tu. Ikiendeshwa mchana kutwa itaungua. Itafutwe pampu iliyoundwa kufanya kazi bila kupumzika. Tena iunganishwe kwenye swichi moja na kompyuta, ili mmoja asiwake bila mwenzake pindi umeme unapokatika na kurudi.

La tatu ni viungio. Kila mpira uwe na kibanio chake. Mtambo mzima uunganishwe kwanza mezani, mbali na kompyuta, ujazwe maji, uzungushwe saa 24 juu ya karatasi kavu. Tone moja likionekana kwenye karatasi, kazi irudiwe mwanzo. Wahenga walikwisha kusema kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta. Katika kazi hii asiyeziba ufa atanunua kompyuta. Na umeme wa volti 230 ubaki mbali kabisa na maji. Waya wa pampu uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone lolote lidondoke sakafuni lisifuate waya hadi kwenye umeme. Hapa si fedha tu zilizo hatarini, bali maisha ya mtoto wa shule.

Kuhusu maji yenyewe, ya ziwani na ya mtoni yasiingie mtamboni, maana yana udongo na vijimea vinavyoziba njia nyembamba. Yafaa maji yaliyochemshwa mvuke na kukusanywa tena, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea katika betri za magari. Lakini mnunuzi awe macho, kwa maana kwenye rafu hiyo hiyo huuzwa asidi ya betri, na watu wengine huviita vyote viwili "maji ya betri". Pale ambapo shaba na aluminiamu vinakutana katika mtambo mmoja, iongezwe dawa ya rejeta inayozuia kutu, la sivyo aluminiamu italiwa kimya kimya hadi itoboke.

MTUNGI WA WAKISI

Liko jambo jingine ambalo mwambao huu unalo na nchi nyingi hazina. Katika pembe ya kaskazini-mashariki ya ziwa, upande wa Ikombe na Lyulilo karibu na Matema, akina mama wa Kikisi hufinyanga vyungu na mitungi ambayo sifa yake imevuka mipaka ya wilaya. Kila mtu aliyekunywa maji ya mtungini anajua yalivyo baridi. Sababu yake ni kwamba udongo hupitisha maji kidogo kidogo, mtungi ukatoa jasho, na jasho linapokauka huondoka na joto.

Joto hilo si dogo. Lita moja ya maji ikikauka huondoka na jouli zaidi ya milioni 2.4. Prosesa ya wati 100 ikifanya kazi saa nane hutoa jouli milioni 2.88. Maana yake ni kwamba mtungi unaotoa jasho la lita moja na robo hivi kwa siku unaweza, kwa hesabu, kulibeba joto lote la prosesa hiyo bila kutumia umeme wowote isipokuwa wa pampu. Maji ya mtamboni yasichanganywe na ya mtungi. Yapite ndani ya bomba la shaba lililosokotwa na kuzamishwa mtungini, ili vumbi la udongo lisiingie katika njia nyembamba za prosesa.

Hata hivyo ukweli usemwe wote. Jasho hukauka upesi pale tu hewa inapokuwa kavu. Mwezi Aprili, mvua zinapoijaza tambarare na mito ya Kiwira na Mbaka ikiwa imefura, hewa huwa tayari imeshiba maji na mtungi hupoza kidogo sana. Mwezi Septemba utafanya kazi yake kwa heshima. Kwa hiyo mtungi ni msaidizi wa pipa, haufai kuwa mbadala wake. Anayeahidi zaidi ya hapo anawadanganya wananchi.

KUIGA NA KUELEWA

Watu wengine watauliza kwa nini juhudi zote hizi, ilhali ziwa lenye kina cha mita 700 hivi liko mlangoni. Watatoa mfano wa mji wa Toronto nchini Kanada, ambako tangu mwaka 2004 maji ya nyuzi 4 huvutwa kutoka kina cha mita 83 katika Ziwa Ontario na kupozea majengo makubwa ya mji. Watautaja mji wa Hamina nchini Finland, ambako kampuni ya Google hupoza kompyuta zake kwa maji ya bahari katika jengo lililokuwa kiwanda cha karatasi.

Mifano hiyo ni ya kweli, lakini Nyasa si Ontario. Ziwa hili liko katika nchi za joto, na hata chini kabisa maji yake hayashuki sana chini ya nyuzi 22 au 23. Tena yako madhara ambayo mwigaji hayaoni. Hewa ikiwa na nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, umande huanza kuganda juu ya kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 26. Bomba lenye maji ya nyuzi 22 likipitishwa ndani ya kompyuta wakati wa masika litatokwa na matone juu ya saketi, kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Kosa hilo hilo humpata anayetia barafu katika ndoo yake ili mambo yaende haraka. Rejeta inayopozwa na hewa ya chumba haiwezi kuleta umande huo, kwa sababu haishuki chini ya joto la chumba. Na mtungi hata utoe jasho kiasi gani hauwezi kushuka chini ya kiwango cha umande. Kwa nchi yenye unyevu, njia ya maskini imetokea kuwa ndiyo njia ya usalama.

Tanzania imekwisha kulipia somo la mashine zisizoeleweka. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha katika miaka ya 1960. Mashine hizo za mwanzo zilimeza fedha nyingi za kigeni, na matunda yake hayakulingana na gharama. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Marufuku hiyo ilikwisha kuondoka zamani, na leo kompyuta imo hata katika mfuko wa shati. Lakini funzo lake halijaondoka: mashine ambayo mwenyewe hawezi kuifungua, kuisafisha na kuitengeneza humgeuza mwenyewe kuwa mtumwa wake, hata kama ameinunua kwa fedha taslimu.

WAJIBU

Kazi hii ina wenyewe. Mwaka 1973 nchi ilianzisha Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, kwa ajili ya kazi za mikono na ubunifu wa aina hii. Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, na mafunzo ya ufundi stadi yanatolewa nchini kote chini ya VETA. Mafundi rejeta, mafundi friji na mafundi wa mashine za mpunga wako katika kila mji mdogo, tangu Kasumulu mpakani hadi Ipinda. Kilichobaki ni kuwakutanisha. Fundi rejeta hajui kwamba ufundi wake unahitajika katika chumba cha kompyuta, na mwalimu wa kompyuta hajui kwamba jibu lake limelala gereji.

Wakuu wa shule na wa ofisi nao wana hofu ambayo si ya kudharauliwa. Kompyuta ni mali ya umma. Anayeiruhusu ifunguliwe na kumwagiwa maji ataulizwa. Basi utaratibu uwe wazi. Majaribio yafanyike juu ya mashine ambazo zimekwisha kuondolewa katika orodha ya mali kwa kufuata taratibu. Mashine nzima isiguswe mpaka ile mbovu iliyofufuliwa imefanya kazi muhula mzima, masika na kiangazi, bila tone moja. Wanafunzi waandike joto la prosesa asubuhi na mchana, kila siku, katika daftari. Daftari hilo litakuwa na thamani kuliko mtambo wenyewe, kwa sababu litaonyesha ni nini kinafaa Kyela, kwa vipimo vya Kyela.

Na ikiwa daftari litaonyesha kwamba brashi, girisi mpya na dirisha lililofunguliwa vinatosha, basi hapo pia wananchi watakuwa wameshinda, tena kwa gharama ndogo zaidi. Lengo ni kompyuta inayowaka saa nane mchana wa mwezi Novemba na mtoto aliyekaa mbele yake akijifunza. Kama ni feni, kama ni pipa, kama ni mtungi wa Ikombe ulioifikisha hapo, hilo litaamuliwa na vipimo.

Mwendesha mashine ya mpunga hakungoja mtu kutoka mbali aje kumfundisha pipa lina kazi gani. Aliona injini inachemka, akaweka maji, akaangalia, akajifunza kiasi na mahali. Chumba cha kompyuta kinastahili akili hiyo hiyo. Maji yapo, pipa lipo, mafundi wapo, na joto la Kyela halitangoja.